Jibu: Minara inayoonekana kuangukia nyuma pichani

Ndugu, umeuliza kwa nini minara unayoipiga safarini huonekana kama inaangukia nyuma, na kama ununue lenzi pana zaidi, ile inayoingiza eneo kubwa pichani. Usinunue kwanza. Kinacholeta shida ni kuinua kamera: kihisi, yaani sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha, kisipokuwa sambamba na ukuta, mistari ya wima huelekea kukutana juu. Lenzi pana itakushawishi usogee karibu, na hapo kasoro inazidi. Rudi nyuma, au omba kupanda ghorofa ya jengo la mkabala, kamera uishike bila kuiinua wala kuiinamisha. Ukibanwa, acha nafasi kubwa pembeni ya picha, unyooshe baadaye kwenye programu, maana kunyoosha hula kingo. Nakshi za mawe zipige asubuhi au jioni, mwanga ukitokea ubavuni. Jua la saa sita likiwaka, mimi hukimbilia ndani.