Ndege ya doria: imegeuzwa, imerekebishwa au imetokana?

Swali: Natafsiri makala kuhusu ndege za doria baharini zilizoanza kama ndege za abiria. Nimeandika "ndege ya abiria iliyobadilishwa". Mhariri wangu anataka "iliyorekebishwa". Lipi sahihi?

Jibu: Yote mawili yatakuponza. "Jeshi lilibadilisha ndege zake" humfanya msomaji adhani liliziacha za zamani likachukua nyingine, kama abiria anavyobadilisha ndege Addis Ababa. Kurekebisha nako ni kuondoa kasoro, na ndege ya abiria haina kasoro eti kwa sababu haisaki nyambizi. Tumia *geuza*, na usiache *kuwa*: "iligeuzwa kuwa ndege ya doria". Ukisema "iligeuzwa" peke yake, huenda msomaji akaona rubani akiirudisha ilikotoka.

Hata hivyo, usiandike "iligeuzwa" kabla ya kujua kazi ilifanyika lini: bodi likiwa tayari limejengwa, au tangu kiwandani? Ndege mbili za kwanza za majaribio za Nimrod, ndege ya doria ya Uingereza, zilikuwa ndege za abiria aina ya Comet 4C ambazo hazijakamilika, zikaongezewa chumba cha silaha tumboni. Hizo ziligeuzwa. Zile zilizoanza kazi mwaka 1969 zilijengwa mpya, hivyo andika "zilitokana na Comet". Ndivyo ilivyo pia kwa P-3 Orion ya Marekani. Ya majaribio ilikuwa ndege ya abiria aina ya Electra iliyogeuzwa, lakini zilizofuata zilitoka kiwandani zikiwa P-3, na bodi fupi kwa takriban mita 2 mbele ya mbawa.

Wengi hukosea kwenye P-8 Poseidon, ndege ya doria ya Marekani inayotokana na Boeing 737 ya abiria, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2009. Kuiita "737 iliyogeuzwa" ni kosa la taarifa, si la lugha tu: haikuwahi kubeba abiria hata siku moja. Huundwa Renton, Marekani, zinakoundwa 737 za kawaida, ikiwa na bodi la 737-800, mbawa zinazotokana na za 737-900, na chumba cha silaha nyuma ya mbawa. Andika "iliyoundwa kutokana na 737".

Kisha kuna Nimrod MRA4, toleo la baadaye la Nimrod, ambayo neno "kuboreshwa" haliitoshi. Kwa mkataba wa 1996, mabodi ya Nimrod za zamani yalitakiwa kupewa mbawa na injini mpya. Mabodi hayo yalijengwa kwa mikono miaka ya 1960, na vipimo vyake havikulingana. Mbawa mpya, zilizotengenezwa kwa kipimo kimoja, zikagoma kukaa sawasawa. Mradi ulifutwa mwaka 2010. Hapo sema "kuundwa upya", maana karibu kila kitu isipokuwa bodi kilikuwa kipya.

Angalia pia vitenzi vya sehemu za ndege. Ukiandika kwamba mbawa za Il-38, ndege ya doria ya Urusi iliyotokana na ndege ya abiria Il-18, "zilihamishwa", msomaji ataona mafundi wakizing'oa kwenye Il-18 moja baada ya nyingine. Andika "mbawa za Il-38 ziko mbele zaidi kuliko za Il-18", kisha eleza sababu: mitambo ya doria iliongeza uzito upande wa mbele, na mbawa zikalazimika kufuata ili ndege isiinamie pua. (*Mbawa* na *mabawa* yote ni sawa, chagua moja ulishikilie.)

Ile fimbo ndefu ya mkiani mwa ndege nyingi za doria haina jina lililozoeleka, basi ieleze: "fimbo ya kitambuzi cha sumaku, iliyowekwa mbali na vyuma vya ndege visivuruge vipimo". Usiiite antena, haipokei mawimbi ya redio.