Probayotiki kwa vifaranga wa broila: faida yake iko katika siku za mwanzo

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kuchanganya probayotiki (bakteria hai wenye faida kwa utumbo) na antibayotiki katika maji yale yale ya vifaranga wa siku moja, na kama probayotiki itakupunguzia chanjo, jibu langu ni hapana kwa yote mawili. Nafuga broila huku Kibaha, na nitaeleza sababu.

Kifaranga wa mashine hakutani na mama yake. Wa kienyeji hudonoa anapodonoa mama, na kwa njia hiyo huanza kupata bakteria wa utumbo wa kuku mzima mapema sana. Huyu wetu hutegemea wale atakaowakuta kwenye boksi la safari, maranda na vyombo vya maji, wawe wema au wabaya. Mwaka 1973, Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kwamba vifaranga waliopewa vitu vya ndani ya utumbo wa kuku wakubwa hawakushambuliwa kirahisi na salmonela. (Tafadhali, mtu asiende kuchota kinyesi cha kuku wa jirani kwa kusoma haya, kwani humo mna koksidia pia, vimelea wanaougua utumbo wa kuku.)

Kuhusu kinga, kifaranga huzaliwa na kingamwili alizorithi kwa mama kupitia kiini cha yai, nazo hupungua sana ndani ya wiki mbili au tatu. Katika kipindi hicho hicho kinga yake mwenyewe inajengwa: karibu na tundu la kinyesi kuna kifuko kiitwacho bursa ya Fabricius, ambamo hukomaa seli zitakazotengeneza kingamwili, na kuna tishu nyingine za kinga katika kuta za utumbo. Tishu hizi za utumbo huhitaji kuguswa na bakteria ili zikue, ndiyo maana kuku wanaolelewa maabara bila bakteria wowote hubaki nazo changa. Kwa broila anayeuzwa akiwa na wiki tano, wiki ya kwanza ni sehemu moja ya tano ya maisha yake yote, hivyo probayotiki inayoanza wiki ya tatu imechelewa.

Sasa fikiria desturi yetu ya kuwapa vifaranga oksitetrasaiklini tangu wanaposhuka kwenye boksi, eti kuzuia ugonjwa wa kitovu, hata pasipo mgonjwa. Dawa hiyo haichagui: inawazuia bakteria wema uliowanunua kama inavyowazuia wa ugonjwa. Daktari wa mifugo akiagiza antibayotiki, maliza dozi kwanza, kisha anza probayotiki. Maji ya bomba yenye klorini nayo huua bakteria hai. Ili kuizima klorini hiyo, mimi hutia gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, kama tunavyofanya siku ya chanjo.

Chanjo hazina mbadala hapa. Virusi vya ugonjwa wa Gumboro hushambulia bursa yenyewe, na hakuna bakteria wa pakiti atakayeilinda; kideri nacho huzuiwa kwa chanjo, si kwa probayotiki.

Faida niliyoiona mimi ni maranda kukaa makavu na vifaranga kulingana kwa ukubwa. Uzito wa kuuzia ulipanda katika baadhi ya bechi, katika nyingine haukupanda, na pale ambapo bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto) ilishuka chini ya nyuzi joto 32 katika siku za mwanzo sikuona tofauti yoyote. Mwenye bajeti ndogo anunue mkaa wa kutosha wa kupasha bruda kabla ya probayotiki.

Ukinunua, soma aina ya bakteria na tarehe ya mwisho. Kwa joto la Pwani napendelea Bacillus subtilis, kwa kuwa spora zake (hali ya usingizi yenye ganda gumu) hustahimili joto la dukani na hata la kutengenezea chakula cha peleti. Zile za Lactobacillus huhitaji uangalifu zaidi, nami huzinunua kwenye duka lenye friji tu, na maji yaliyobaki jioni huyamwaga.