Ukienda Hobbiton kwa Gari, Anza na Saa ya Tiketi

Mwezi wa Aprili mimi na mdogo wangu tulikodi gari mjini Auckland, New Zealand, kwa nia ya kuzunguka Kisiwa cha Kaskazini kwa siku sita. Kituo tulichokitamani kuliko vyote kilikuwa Hobbiton, kijiji kilichojengwa karibu na mji mdogo wa Matamata kwa ajili ya filamu za The Lord of the Rings. Tulipanga njia, tukalipia vyumba, na suala la tiketi tukaliacha hadi usiku wa kuamkia safari, nasi tukalijutia.

Seti hiyo, yaani mandhari iliyojengwa ili kupigiwa filamu, imo ndani ya shamba la kondoo linalomilikiwa na familia, na mgeni haruhusiwi kujiendea peke yake. Gari lako unaliacha kwenye mapokezi, unapanda basi lao kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na kundi zima hutembezwa na kiongozi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa nafasi za asubuhi zilikuwa zimekwisha, tulipata basi la alasiri, ilhali tulikuwa tumefika Matamata kabla ya saa nne asubuhi. Tulishinda pale mjini tukizunguka jengo la taarifa za watalii, ambalo nalo limejengwa kwa umbo la nyumba ya hobiti, wale viumbe wafupi wa filamu hizo, mpaka mdogo wangu akaniambia, “Kaka, hata picha sasa zimetosha.” Kwa hiyo kata tiketi kwanza, kisha panga vituo vingine kuizunguka saa hiyo. Kutoka Auckland hadi Hobbiton ni mwendo wa takriban saa mbili, na kutoka Hobbiton hadi mji wa Rotorua ni kama saa moja zaidi. Anayepata basi la adhuhuri huendesha kwa utulivu pande zote mbili na kulala Rotorua.

Barabara yenyewe haitamsumbua dereva wa kutoka kwetu, kwani huko nako huendeshwa upande wa kushoto. Zingatia tu madaraja ya njia moja, yaani membamba yanayopitisha magari ya upande mmoja kwa zamu: kibao cha buluu chenye mshale mkubwa mweupe kinakupa wewe haki ya kutangulia, na cha duara chenye ukingo mwekundu kinakutaka umpishe anayekuja.

Ukishaingia kijijini, usikimbilie picha. Seti ya kwanza ilijengwa mwaka 1999, jeshi la nchi hiyo likisaidia kuchonga barabara na kusawazisha ardhi, lakini haikukusudiwa kudumu. Hii inayoonekana leo ilijengwa upya mwaka 2011 kwa vifaa vya kudumu. Muulize kiongozi kuhusu milango. Ipo midogo, ili mwigizaji akisimama mbele yake aonekane jitu, na ipo mikubwa, ili mwingine aonekane mfupi. Nilisimama kwenye mmoja nikagusa kizingiti cha juu kwa paji la uso, na hatua chache mbele nikajiona mtoto. Mwaloni ulio juu ya Bag End, nyumba ya hobiti Bilbo na Frodo katika filamu, ni wa bandia, majani yake yaliletwa kutoka Taiwan na kufungwa kwa mkono. Kinyume chake, bustani ni za kweli kabisa: niliona maboga yaliyoiva na kabichi zilizotobolewa na viwavi, jambo lililonifurahisha kuliko mlango wowote. Milango mingi haina chochote nyuma yake, ila tangu Desemba 2023 zipo nyumba mbili za mtaa wa Bagshot Row ambazo wageni huingia hadi jikoni na chumbani. Tulikaa humo muda mfupi mno, kwa sababu kundi la nyuma lilikuwa likisubiri. Ukipewa nafasi, fungua makabati kabla ya kutoa simu.

Vaa viatu vya kutembelea, maana ni kupanda na kushuka vilima, na beba koti hata kama jua linawaka.

Ziara huishia kwenye baa ya Green Dragon, ambako kinywaji kimoja kimo ndani ya bei ya tiketi. Anayeendesha achague soda ya tangawizi, isiyo na kileo. Mimi niliinywa karibu na moto, kali kidogo kuliko ya kwetu, na tulipotoka kwenye mapokezi kiza kilikuwa kimeshaingia na mvua imeanza, na Rotorua bado iko mbele yetu.