Kabla ya kuagiza ngao: ushauri kwa kamati za tuzo za wahitimu

Mahafali yakikaribia, kundi la WhatsApp la wahitimu wa chuo chetu hapa Mtwara huchangamka kwa swali moja: mwaka huu tuzo tunampa nani? Majina ya kwanza huwa yale yale, ya viongozi na wafanyabiashara waliochangia viti au rangi. Nimekaa kwenye kamati ya tuzo miaka kadhaa, na kwa wenzangu mnaoingia sasa nina ushauri mmoja ninaouamini kabisa. Andikeni kwanza mtu alichofanya, ndipo mfikirie ngao. Nusu ukurasa ukishindikana kujaa matendo, mwandikieni barua nzuri ya shukrani iishie hapo.

Tusichanganye pia heshima zenyewe. Shahada ya heshima ni uamuzi wa vikao vya juu vya chuo, na hutolewa kwenye mahafali, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyomtunuku Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 30 Novemba 2022. Tuzo ya utumishi uliotukuka inayopendekezwa na wahitimu ina nafasi yake nyingine. Inaweza kumfikia mtu ambaye hajawahi kuitwa meza kuu hata siku moja.

Na watu hao tunao. Mwanafunzi wa ualimu akipangiwa mazoezi ya kufundisha huko Tandahimba au Nanyamba, hufika na begi na bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, linalokaribia kuisha. Anayempokea ni mwalimu wa shule ile. Humtafutia chumba, humwombea mboga kwa jirani, hukaa nyuma ya darasa akimsikiliza, kisha humweka chini jioni na kumwambia ukweli kuhusu somo lake. Mwaka unaofuata anapokea wengine. Kazi hiyo halipwi, na risiti haina, kwa hiyo kamati inayohesabu michango ya fedha haitamwona kamwe. Huyo ndiye ninayetaka asimame mbele ya umma wa chuo.

Umri usiwe kipimo. Vyuo vikuu vyetu vya Kusini ni vichanga: Stella Maris ya hapa Mtwara ilianza 2009, na mhitimu wake wa mwanzo aliyeingia akitoka sekondari bado ni kijana wa makamo. Chuo Kikuu Huria, chenye vituo Mtwara na Lindi, kina wahitimu waliosoma huku wakiwa kazini na wanalea familia. Mkisubiri mvi, mtawakosa wanaofanya kazi leo.

Majina yatafuteni mbali na kikao. Waulizeni wanafunzi waliotoka fildi ni nani aliwasaidia. Waulizeni wakutubi, walinzi, mama wa kantini; wanajua nani huja Jumamosi kuwafundisha wadogo zake hesabu bila kuombwa. Kisha wapigieni simu mashahidi wawili wasiofahamiana. Mimi hupenda sana simu hizi, maana mambo ya thamani hayaandikwi kwenye fomu. Mtu atajaza kwamba fulani "ana mchango mkubwa kwa maendeleo ya chuo", lakini mwalimu mkuu wake atakueleza kwa simu jinsi mtu huyo alivyompeleka hospitali ya Ligula usiku mwanafunzi aliyeugua, akabaki naye mpaka ndugu walipofika. Hilo la pili ndilo la kusomwa ukumbini. Lile la kwanza lifuteni.

Mwombeni mhusika ridhaa kabla ya kutangaza. "Shikamoo mama, tungependa kutaja wema wako mbele za watu, unaturuhusu?" Wapo waliotoa kwa nia ya sadaka na hawapendi kutajwa. Wakikataa, heshimuni.

Mgeni rasmi naye asipewe tuzo hii kwa sababu tu amekuja. Mpeni zawadi, korosho zetu zinatosha na zinapendeza.

Lipo pia suala la nauli, ambalo kamati nyingi hulisahau. Mahafali mengi huangukia Novemba na Desemba, wakati wa korosho. Mtu wa Newala au Nachingwea anayeacha kuokota korosho ili aje kupokea ngao anaacha riziki yake ya mwaka. Mjulisheni mapema, mlipieni usafiri na malazi, na mtengeeni viti yeye na watu wake, mbele, si nyuma ya maspika. Mshehereshaji asome maelezo yote taratibu, jina la mtu na la kijiji yakitamkwa sawasawa. Kama muda umebana, punguzeni hotuba.

Sherehe ikiisha, maelezo yale yaliyosomwa yachapwe nakala tatu, zote zikiwa na sahihi na mhuri wa chuo: moja kwa mhusika, moja kwa mwajiri wake iwekwe kwenye faili lake, na moja maktaba ya chuo, kwenye daftari la tuzo ambalo kamati ya mwakani italikuta.