Ukipata Fremu Dar, Pitia Kwanza Ofisi ya Mtaa

Wewe uliyepata fremu yako ya kwanza Mbagala, Tabata, Manzese au Kigamboni, bila shaka umeshashauriwa mengi kuhusu mtaji, kodi ya miezi sita na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Wenzangu wameyasema hayo vizuri. Mimi nauza vifaa vya ujenzi upande wa Temeke, na nimekaa kwenye kamati ya wafanyabiashara wa mtaa wetu na kwenye kamati ya shule. Nina jambo moja la kukueleza: halmashauri inaishi kwa biashara kama yako, na biashara yako inaishi kwa kazi za halmashauri. Anayenufaika na uhusiano huo ni yule aliyefika ofisini mapema, akiwa na wenzake na akiwa na karatasi.

Kwanza ujue nani anashughulika na nini. Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo hadi mwaka 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ndani ya halmashauri kuna kata, yenye diwani aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa. Ndani ya kata kuna mtaa, nao una mwenyekiti wa kuchaguliwa na mtendaji wake. TRA, mamlaka ya mapato inayokadiria kodi ya mapato, ni kitu kingine kabisa. Barabara nyingi za mitaani pamoja na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Maji ni DAWASA. Nimeona watu wakimfokea mtendaji wa mtaa kwa sababu ya makadirio ya kodi ya mapato, kitu asichokigusa wala kukipanga. Wakishatoka pale wakiwa wamemuudhi, siku wanayohitaji barua yake ya utambulisho wanaona aibu kurudi.

Nenda ofisi ya mtaa wiki ya kwanza. Amkia, taja jina lako, sema unauza nini, umepanga kwa nani, na acha namba ya simu. Uliza nani anazoa taka eneo lako, ulinzi shirikishi unaendeshwaje, na mkutano wa mtaa ni lini. Mkutano ule si wa wenye nyumba peke yao. Wapangaji wakazi wa mtaa nao ni wajumbe, na mfanyabiashara aliyejitambulisha hata kama analala mtaa mwingine hukaribishwa akae asikilize. Kaa usikilize. Utajua mengi kuhusu wateja wako kwa saa mbili pale kuliko kwa miezi ya kukaa kaunta.

Sasa twende kwenye pesa, maana hapo ndipo manung'uniko mengi yanapoanzia. Leseni za biashara nyingi za kawaida hutolewa na halmashauri, na siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao TAUSI. Kuna ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo bila VAT. Viwango hubadilika Bunge linapopitisha Sheria ya Fedha kila mwezi wa sita, kwa hiyo muulize afisa biashara kiwango cha mwaka huu, usitegemee maneno ya jirani. Kuna ada ya taka, na ukiwa sokoni kuna ushuru wa meza au kizimba. Mtu anayelipa yote haya ana haki ya kuuliza pesa inakwenda wapi. Uliza kwa adabu, na uliza ukiwa na risiti mkononi.

Sehemu moja ya jibu imeandikwa kwenye sheria. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili kupanga upya utaratibu wake, baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi. Mwaka 2024 ilirudi, na Jiji la Dar es Salaam likawa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki.

Nieleze jinsi nilivyoiona pesa hiyo ikizunguka. Mtaani kwetu kuna kikundi cha vijana waliokopa wakanunua mashine ya kufyatulia matofali. Saruji walichukua kwangu. Tulikubaliana wachukue mifuko ya wiki, niandike kwenye daftari langu nao waandike kwenye lao, na Jumamosi tulinganishe na walipe. Daftari lile lilikuwa la kulinda mali yangu, lakini likawafaa wao zaidi. Afisa maendeleo ya jamii alipokuja kuwakagua hawakuwa na maneno mengi. Walifungua daftari, akaona mfuko kwa mfuko, tofali kwa tofali. Wateja wao walipomaliza kuta wakaja kwangu kutafuta bati, misumari na rangi. Mama lishe anayewapikia vijana wale naye yumo kwenye kikundi kingine. Ukifuatilia shilingi ya ushuru wangu, sehemu yake ilirudi dukani ikiwa imeshapita mikono ya watu wanne au watano ninaowajua kwa majina. Hilo linanifanya nilipe bila kinyongo.

Lakini nimeona pia kikundi kilichogawana mkopo na kutawanyika. Waliofuata kwenye foleni wakakaa muda mrefu bila kupata kitu, na muuza duka aliyekuwa anawatarajia kama wateja akabaki anasubiri. Kwa hiyo, mdogo wangu, usidhani kikundi cha mtaani kwako ni jambo la ofisi tu. Wafundishe kuweka hesabu. Wape nafasi ya kuuza bidhaa zao mbele ya duka lako. Wakianza kuyumba, zungumza nao mapema na umshirikishe afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyu ofisa, kwa maoni yangu, ndiye mtu muhimu kuliko wote kwa mfanyabiashara mdogo, na wengi hawamjui hata kwa sura.

Taka nitazipitia haraka. Maeneo mengi ya jiji uzoaji hufanywa na vikundi na kampuni ndogo zilizopewa mkataba na halmashauri. Nao ni wafanyabiashara kama wewe, wana vibarua wa kulipa na gari la kujaza mafuta hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Ukichelewesha ada wanapunguza safari, na uchafu unakaa mlangoni kwako. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi. Toka na fagio, usijifungie ndani ukisubiri saa nne ifike ufungue.

Kitu ninachotaka ukishike zaidi ni muda wa bajeti. Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1. Vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla, na kufika mwanzoni mwa mwaka madiwani huwa wanajadili makadirio. Sasa angalia mvua zetu. Masika inapiga Machi hadi Mei. Maji yanaingia dukani mwezi wa nne, watu wanakimbilia kwa mwenyekiti wakiwa na hasira, na wakati huo bajeti ya mwaka unaokuja imeshafungwa. Anayelia mwezi wa nne anapewa pole. Mwenye barua ya mwezi wa kumi, vuli inapoanza, ndiye anayeingia kwenye mpango.

Tulijifunza hilo kwa sababu ya mtaro uliokuwa nyuma ya safu yetu ya maduka. Kila masika ulifurika, na kila masika tulilalamika kwa mdomo. Kisha mtendaji wetu, mama mmoja mwenye subira sana, akatuambia: leteni kwenye mkutano wa mtaa, liandikwe kwenye muhtasari, mimi nitalipeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tukaandika barua moja, tukasaini wote, tukaambatanisha picha za maji yakiwa ndani ya maduka. Tukaandika pia sisi tutatoa nini: mimi saruji, mwenye duka la nondo akatoa nondo, fundi seremala mbao za fomu, na wakazi nguvu kazi ya kuchimba. Diwani alipolisimamia suala hilo kwenye baraza hakuwa anaomba tu, alikuwa na orodha ya vitu vilivyokwisha patikana. Kwa kuwa sehemu ya mtaro ilikuwa ya barabara, nakala ilikwenda TARURA, nao wakaleta mhandisi wa kupima mteremko. Bila yeye tungejenga mtaro unaorudisha maji kwa jirani. Haukumalizika mwaka ule, na kipande cha mwisho kilichelewa hadi kikatusumbua. Ila masika iliyofuata nilipanga mifuko ya saruji sakafuni bila hofu.

Kuhusu michango, utaombwa. Shule ina upungufu wa madawati, zahanati inataka rangi, kuna mbio za Mwenge, kuna msiba wa mjumbe. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walijaa madarasani, na wafanyabiashara nchi nzima walichangia madawati. Huo ni mchango wa heshima na matokeo yake yanaonekana. Changia kadiri unavyoweza, nami napenda zaidi kutoa vitu kuliko fedha taslimu, kwa sababu saruji niliyoipeleka shuleni naweza kwenda kuiona ukutani. Kama ni fedha, dai stakabadhi ya serikali. Asiye na stakabadhi mwambie kwa upole arudi akiwa nayo. Mara ya kwanza ataona unaringa. Mara ya tatu atakuja nayo, na maduka mengine yote yatafaidika na msimamo wako.

Halmashauri ni mteja pia, na hili wageni wengi hawalifikirii. Madarasa na zahanati nyingi hujengwa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida wa mtaani badala ya mkandarasi mkubwa, na vifaa vinanunuliwa kwenye maduka. Ununuzi wa umma sasa unapita kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao NeST, na sheria ya ununuzi inataka asilimia 30 ya ununuzi huo itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi chenu kikisajiliwa vizuri kinaweza kuuza chakula, sare, viti, hata huduma ya usafi. Jisajili wakati huna haraka, maana tangazo likitoka siku ni chache. Toa risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti, kila mara, na andika bei unayoweza kuisimamia hadi mwisho.

Nikutahadharishe hapo hapo. Malipo ya serikali yanaweza kukawia. Kuna halmashauri moja iliyonichelewesha hadi nikashindwa kununua mzigo wa msimu, na kila nilipofika niliambiwa faili lipo kwa mhasibu. Usiweke zaidi ya robo ya mtaji wako huko kwa wakati mmoja. Tunza nakala ya hati ya ununuzi na ya kupokelea mzigo iliyosainiwa, na fuatilia kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mlangoni hayana kumbukumbu.

Na wamachinga je? Wengi mnaolipa pango mnawaona kama wanaowazibia mlango. Mwaka 2021, walipoondolewa kando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, baadhi ya wenye maduka walishangilia, kisha wakaona mauzo ya jumla yanashuka, kwa kuwa wale vijana ndio waliokuwa wanachukua mzigo asubuhi na kuutembeza. Suluhisho ninaloliamini ni kukaa nao pamoja na mtendaji na kuchora mistari: mlango uachwe wazi, njia ya waenda kwa miguu iachwe wazi, meza ziishe hapa. Mstari uliokubaliwa na pande zote hauhitaji mgambo.

Jiunge na umoja wa wafanyabiashara wa eneo lako hata kama vikao vyake vinachosha. Mei 15, 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi na kukamatwa kwa bidhaa, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao Mnazi Mmoja. Walisikilizwa kwa sababu walikuwa na umoja. Hata hivyo siku maduka yanapofungwa, mpagazi na mama lishe wanaokula kwa kazi ya siku ile hawaingizi kitu, na ndiyo maana mimi napigania njia za mapema. Ipo mojawapo ambayo haitumiki vya kutosha: mabaraza ya biashara ya wilaya na mkoa, ambako mkuu wa wilaya au wa mkoa huketi meza moja na sekta binafsi. Muulize afisa biashara lini linakaa na nani anawawakilisha watu wa aina ya biashara yako. Kama hakuna, umoja wenu upeleke jina. Vikao vya kawaida vya Baraza la Madiwani navyo huwa wazi kwa wananchi. Nenda hata kimoja, ukae nyuma, usikilize diwani wa kata yako anasimama kusema nini, na kama hasemi kitu kuhusu mtaa wenu, mkirudi muandikieni.