Upweke katika ukumbi uliojaa wageni: sauti na picha katika Jalsaghar

SWALI: Nimeitazama Jalsaghar, filamu ya Kibengali ya mwaka 1958 iliyoongozwa na Satyajit Ray. Ninaandaa filamu fupi kuhusu mzee aliyefilisika. Ni mbinu gani za kiufundi zinazomfanya mhusika wake mkuu, mwenye ardhi aliyefilisika Biswambhar Roy, aonekane mpweke hata pale ukumbi wake wa muziki unapojaa watu?

JIBU: Ndugu msomaji, ningekushauri uanze na sauti, kwani kwa maoni yangu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi. Tunapokutana na Roy mara ya kwanza, ameketi juu ya paa la jumba lake, akimwuliza mtumishi wake Ananta huu ni mwezi gani. Kisha zumari inasikika kutoka kwa jirani yake, Mahim Ganguly, mtoto wa mkopeshaji fedha, ambaye ana sherehe ya mwanawe. Roy anaisikia tu sherehe hiyo kwa mbali. Baadaye linafuata jenereta la Ganguly, nalo linanguruma wakati maji ya mto yanaendelea kumega ardhi iliyokuwa ikimlisha Roy. Shamrashamra zote ziko kwa jirani, na masikio ya bwana huyu hayana pa kujificha.

Kwa upande wa picha, tazama tena usiku wa dhoruba. Mwimbaji anaimba na wageni wapo, lakini Ray na mhariri wake, Dulal Dutta, hawakai na wageni hao; wanatupeleka kwenye thurea inayoyumba, kwenye radi, kisha kwenye mdudu anayetapatapa ndani ya glasi ya kinywaji. Mke na mtoto wa Roy wako safarini mtoni usiku huohuo, na mtazamaji anaanza kuingiwa na hofu kabla habari ya kuzama kwao haijafika. Jumba lenyewe lilipigwa picha Nimtita, wilayani Murshidabad, lakini ukumbi wa muziki ulijengwa studio na msanifu wa mandhari, Bansi Chandragupta, jambo lililompa mpigapicha Subrata Mitra uhuru wa kupanga taa na mienendo ya kamera, uhuru ambao ni vigumu kuupata katika chumba halisi.

Mbinu ya vitu vidogo inarudi katika sura ya buibui anayetambaa juu ya picha ya Roy iliyotundikwa ukutani, na Roy anamfukuza kwa fimbo. Hakuna maneno yanayohitajika hapo.

Katika filamu yako, irekodi sauti ya jirani kipaza sauti kikiwa ndani ya chumba cha mzee na chanzo cha sauti kikiwa nje, ili kuta zenyewe ziondoe ukali wake. Ukiirekodi kwa karibu halafu ukaishusha tu kwenye kompyuta, itabaki kali na dhahiri, na mtazamaji atahisi kwamba jirani huyo yuko chumbani pamoja na mzee.