Mluzi kwenye laptopu ya gemu: sikiliza kwanza, bisibisi baadaye

Mwaka wangu wa kwanza kwenye ufundi nilibadilisha feni mbili za laptopu ya gemu ambazo hazikuwa na kosa lolote. Mteja alisema mashine inapiga mluzi. Nikaiwasha, nikausikia kweli, mwembamba kama mbu aliyeingia sikioni, na kwa kuwa feni za mashine hizi huvuma sana, sikuona haja ya kuuliza zaidi. Nikafungua, nikafunga feni mpya, nikarudisha skrubu zote. Nikafungua gemu kuonyesha kazi yangu, na mluzi ukaja uleule. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu.

Tangu siku ile, kijana anayekuja kujifunza kwangu namkataza kushika bisibisi kabla hajanijibu swali moja: mlio huu unafuata nini? Maana haulii ovyo. Kuna kitu kinachopanda nao ukapanda, kinachozimika nao ukanyamaza. Kazi yako ni kukijua hicho, na karibu kila mara utakijua mfuniko ukiwa bado umefungwa.

Anza na jepesi: nyamazisha sauti yote ya kompyuta, chomoa na visikizio. Mlio ukikata, ulikuwa unatoka kwenye spika au draiva ya sauti (programu inayoiendesha sauti ya kompyuta), na feni umeisingizia.

Usipokata, fungua gemu nzito, iache dakika kumi mashine ipate joto, kisha ifunge ghafla huku umetega sikio. Hapa ndipo wageni wengi hukosea kwa haraka. Feni haiwezi kusimama papo hapo. Joto bado lipo, kwa hiyo itaendelea kuvuma na sauti yake itashuka polepole, kama gari linalopunguza mwendo. Mlio wa umeme hauna subira hiyo. Gemu ikifungwa tu, umekatika, kama uzi uliokatwa kwa mkasi. Jaribio hili peke yake lingeniokoa na zile feni mbili.

Usidhani kila sauti nyembamba si ya feni, lakini. Piga hesabu: feni yenye mapanga 60 ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, ni mara 80 kwa sekunde, na mapanga yake yanakata hewa mara 4,800 kila sekunde. Hiyo ni sauti ya juu hasa, na feni ni nzima kabisa. Feni mbovu hujitambulisha kwa namna nyingine: inakwaruza, inatetemesha mashine, au inalia ikianza kuzunguka kisha inatulia. Wakati mwingine ni waya mdogo tu unaogusa mapanga. Na ukipuliza vumbi kwa hewa ya mgandamizo, zuia mapanga kwa kidole au kijiti. Wapo wanaofurahia kuiona feni ikizunguka kwa upepo wa pampu; wanaimaliza beringi.

Sasa tuje kwa huyo mbu mwenyewe. Chaja ya laptopu kwa kawaida hutoa karibu volti 20, lakini prosesa na kadi ya grafiki hutaka takriban volti 1. Kazi ya kuushusha umeme hufanywa na saketi zinazowasha na kuzima mkondo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ndani yake kuna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Kasi hiyo sikio haliifikii, kwani mwisho wa usikivu wetu ni mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Ila mahitaji ya kadi hupanda na kushuka kwa kasi ndogo zaidi, fremu baada ya fremu (kila picha moja inayochorwa kwenye skrini), na koili hutikiswa na nguvu zake za sumaku kwa mwendo huohuo. Hilo sikio linalisikia. Kapasita za kauri, vipande vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, nazo hutanuka na kusinyaa kidogo umeme unapobadilika, zikaifanya bodi iwe kama ngozi ya ngoma.

Ndiyo maana mluzi huwa mkali kwenye menyu ya gemu kuliko vitani. Picha ya menyu ni rahisi, kwa hiyo kadi isiyowekewa kikomo huifyatua fremu mamia kwa mamia kwa sekunde. Weka kikomo cha fremu 60. Mluzi ukififia au ukibadilika sauti palepale, ni koili. Zipo pia zinazolia mashine ikiwa imetulia, na ukisogeza ukurasa kwa kipanya mlio unabadilika kila unapogusa gurudumu. Hapo ni prosesa inayosinzia na kuamka.

Chaja nayo ina mtego wake. Ukiichomoa na mlio ukakoma, usiihukumu bado. Laptopu nyingi za gemu zikiwa kwenye betri hupunguza nguvu za kadi, kwa hiyo koili za bodi nazo zitanyamaza. Rudisha chaja, kunja karatasi iwe bomba, upande mmoja sikioni, mwingine kwenye kiboksi cha chaja, kisha upitishe juu ya kibodi polepole. Bomba litakuambia zaidi ya kubahatisha kwako. Na kama mteja kijana anasikia nawe husikii, usimbishie. Masikio hupoteza sauti za juu kadiri umri unavyokwenda. Mimi siku hizi huita mwanafunzi.

Mlio wa koili haui mashine. Mwambie mteja hivyo waziwazi, mpe kikomo cha fremu, na kama waranti ipo arudishe kabla hujagusa skrubu, ingawa watengenezaji wengine watamjibu kuwa ni kawaida. Kumimina gundi juu ya koili mimi sishauri. Ila mlio ukiambatana na harufu ya kuungua au mashine kujizima, zima, chomoa. Na kwa zile za zamani zenye diski inayozunguka, ukisikia ta-ta-ta, nakili data kwanza, maneno baadaye.

Ile laptopu ya kwanza niliirudishia feni zake, nikaweka kikomo cha fremu 60. Ilichukua chini ya dakika moja, na mwenyewe aliihesabu kwa sauti.